Ruhusa ya Kanuni: Historia ya Kazi za Wanafunzi wa Kigeni Nchini Marekani

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, ambayo pamoja na marekebisho yake mengi ndiyo inayotumika hadi leo, inamweleza mwanafunzi wa kigeni kwa maneno machache: ni mtu mwenye makazi katika nchi nyingine, asiye na nia ya kuyaacha makazi hayo, anayeomba kuingia Marekani kwa muda tu na kwa ajili ya masomo peke yake. Maelezo hayo hayasemi lolote kuhusu kazi, si kwa kuiruhusu wala kwa kuikataza. Hata hivyo, katika mwaka wa masomo wa 2023/24, kati ya wanafunzi wa kigeni zaidi ya 1,100,000 waliohesabiwa nchini humo, takribani 243,000 walikuwa katika mpango wa kazi unaohusiana na masomo yao, wengi wao wakiwa wamekwisha kuhitimu, na wote wakihesabiwa bado na idara ya uhamiaji kuwa wanafunzi.

Nafasi iliyoachwa wazi na sheria imejazwa na kanuni, yaani maelekezo yenye nguvu ya kisheria ambayo wizara au idara ya serikali huyatunga yenyewe kwa mamlaka iliyokasimiwa na Kongresi, ambalo ndilo bunge la nchi hiyo. Sheria hubadilishwa kwa kura za mabaraza mawili ya Kongresi na saini ya rais, kazi inayoweza kuchukua miaka. Kanuni hubadilishwa na waziri, na wakati mwingine huanza kutumika siku ileile inapotangazwa. Kwa karibu miaka mia moja, kazi ya mwanafunzi wa kigeni nchini Marekani imetegemea ruhusa ya namna hiyo ya pili, na kwa sababu hiyo imepanuka na kusinyaa kwa kufuata hali ya ajira, vita, diplomasia na mahitaji ya viwanda, huku maneno ya sheria yenyewe yakibaki karibu vilevile.

Mwanafunzi asiye kibarua

Mizizi ya kanuni hizo iko katika sheria ambayo haikuwalenga wanafunzi hata kidogo. Mwaka 1882 Kongresi ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani, baada ya miaka mingi ya chuki dhidi ya Wachina waliofanya kazi katika migodi na ujenzi wa reli za magharibi. Kwa kuwa mkataba wa mwaka 1880 kati ya nchi hizo mbili uliwahakikishia wafanyabiashara, walimu, wasafiri na wanafunzi uhuru wa kuingia na kutoka, maofisa wa bandarini walilazimika kuamua nani alikuwa mwanafunzi wa kweli na nani alikuwa kibarua aliyejificha nyuma ya vitabu. Wizara ya Fedha, ambayo wakati huo ndiyo iliyosimamia uhamiaji, ilitoa tafsiri yake mwaka 1900: mwanafunzi ni mtu anayekuja kusoma masomo ya juu au taaluma isiyofundishwa nchini kwake, ambaye tayari ameandaliwa fedha za kumtunza wakati wote wa masomo, na ambaye atarudi kwao akimaliza.

Masharti hayo, yaani masomo, fedha na kurudi, yamedumu kuliko sheria iliyoyazaa. Sharti la fedha ndilo lililobeba uzito mkubwa katika suala la kazi, kwa kuwa mwanafunzi aliyepatikana akifua nguo kwa dobi au akiosha vyombo mgahawani alikuwa, machoni pa ofisa, ameonyesha kwamba hakuwa na fedha alizodai kuwa nazo, na hivyo kwamba alikuwa kibarua tangu mwanzo. Kazi haikuchukuliwa kama njia ya kulipia masomo, bali kama ushahidi dhidi ya mwombaji.

Wanafunzi kutoka mataifa mengine hawakuguswa na masharti hayo hadi mwaka 1921, Kongresi ilipoweka kwa mara ya kwanza mgawo, yaani idadi ya juu ya wahamiaji wanaoweza kupokelewa kwa mwaka kutoka kila nchi. Wanafunzi walihesabiwa ndani ya mgawo huo, na baadhi yao walishikiliwa bandarini kwa sababu nafasi za nchi zao zilikuwa zimejaa. Institute of International Education, taasisi iliyoanzishwa mjini New York mwaka 1919 chini ya uongozi wa Stephen Duggan, iliitetea hoja kwamba mwanafunzi anayekuja kwa muda hapaswi kuwekwa kundi moja na mhamiaji. Matokeo yake yalionekana katika sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924, iliyomtoa mwanafunzi nje ya mgawo mradi awe na umri usiopungua miaka 15, awe anakuja kwa ajili ya masomo peke yake, na awe amekubaliwa na shule iliyoidhinishwa na Waziri wa Kazi. Shule nayo ilitakiwa kuahidi kumwarifu waziri huyo kila mwanafunzi wa kigeni anapoacha masomo. Kwamba mamlaka hayo aliyapewa Waziri wa Kazi kunaeleza mengi, kwa sababu wizara iliyokuwa na jukumu la kulinda ajira za raia ndiyo iliyoamua pia nani ni mwanafunzi na anaweza kufanya nini.

Kutoka katazo la 1932 hadi kanuni ya 1947

Katika miaka ya 1920 vyuo vya Marekani vilijivunia kijana aliyejisomesha kwa kufagia madarasa na kuhudumia wenzake chakula katika bwalo, na wanafunzi wa kigeni walijiunga na desturi hiyo bila maswali mengi. Mdororo mkuu wa uchumi uliifuta hali hiyo. Mwaka 1932, wakati mamilioni ya Wamarekani walikuwa hawana kazi, Waziri wa Kazi William Doak alitoa amri ya kuwazuia wanafunzi wa kigeni kufanya kazi za ujira ili kujisomesha, na viongozi wa vyuo wakalalamika kwamba amri hiyo ingewafukuza vijana maskini na kuwaacha wana wa matajiri. Kongresi haikuwa imebadilisha hata neno moja la maelezo ya mwanafunzi katika sheria ya 1924. Kilichobadilika ni tafsiri ya maneno "kwa ajili ya masomo peke yake", ambayo waziri mmoja aliyasoma kwa upole na mwingine akayasoma kwa ukali, na huo ukawa mfano wa kwanza wa mtindo uliorudiwa mara nyingi baadaye.

Vita vya Pili vya Dunia viliyageuza mahitaji. Usimamizi wa uhamiaji ulihamishiwa Wizara ya Sheria mwaka 1940, na baada ya vita serikali ya Marekani ilianza kuwaona wanafunzi wa kigeni kama nyenzo ya siasa ya nje: mpango wa Fulbright wa kubadilishana wanafunzi na wasomi ulianzishwa mwaka 1946, na katika mwaka wa masomo wa 1948/49 wanafunzi wa kigeni nchini humo walikuwa wamefikia takribani 25,000. Wengi walitoka katika nchi zilizobomolewa na vita au zilizotaka kujenga viwanda, na serikali zao hazikuridhika na mhandisi anayerudi na shahada bila kuwahi kusimama mbele ya mashine.

Kwa kuzingatia hoja hiyo, Idara ya Uhamiaji na Uraia ilitunga mwaka 1947 kanuni iliyoingiza dhana ya mafunzo kwa vitendo, yaani kazi ya ujira ambayo mwanafunzi huifanya katika fani aliyoisomea ili kukamilisha elimu yake. Kanuni hiyo ilimruhusu mwanafunzi kufanya mafunzo ya namna hiyo kwa miezi 6, muda ambao ungeweza kuongezwa mara mbili kwa miezi 6 kila mara, na kwa hiyo usizidi miezi 18 kwa jumla. Ustadi wa wazo hilo ulikuwa katika kulipatanisha katazo na ruhusa: sheria ilisema mwanafunzi amekuja kusoma tu, nayo kanuni ikajibu kwamba kazi ya namna fulani ni masomo. Kuanzia hapo mjadala wote kuhusu kazi za wanafunzi wa kigeni umekuwa mjadala kuhusu mahali masomo yanapokomea na ajira inapoanzia.

Kongresi ilipoandika upya sheria nzima ya uhamiaji mwaka 1952, ilimhamisha mwanafunzi kutoka kundi la wahamiaji walio nje ya mgawo hadi kundi la wageni wa muda, na kumpa alama ya F, asili ya jina F-1 analoitwa hadi leo. Iliacha mikononi mwa serikali mamlaka ya kuamua kila mgeni wa muda akae kwa kipindi gani na kwa masharti gani, na ilinyamaza kuhusu mafunzo kwa vitendo, ambayo wakati huo yalikuwa na umri wa miaka mitano. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya Marekani ilimweka mgeni huyu katika hali ya kipekee, kwa kuwa iliruhusu akae miaka minne au mitano, lakini jembe likabaki limefungiwa ghalani na ufunguo wake akawa nao ofisa wa idara.

Wageni wa vita baridi

Waafrika wa Mashariki waliingia katika historia hii kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo chuo cha Makerere nchini Uganda ndicho kilichokuwa mahali pekee pa kusomea shahada katika eneo hilo, nafasi zake zilikuwa chache, na serikali ya kikoloni ya Kenya haikuthamini elimu ya vyuo vya Marekani. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyeona kwamba uhuru ungefika kabla ya kupatikana watumishi wa kuuendesha, alizunguka Marekani mwaka 1959 akiomba nafasi za masomo, na kwa kushirikiana na mfanyabiashara William Scheinman akasaidia kuanzisha African American Students Foundation. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier waliweka majina yao kwenye mwito wa kuchangia nauli. Septemba mwaka huo ndege ya kukodi iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York, na mwaka 1960, baada ya taasisi ya familia ya Kennedy kutoa dola 100,000, mamia wengine walifuata, wakiwemo vijana kutoka Uganda, Tanganyika na nchi za jirani. Hadi mpango ulipokoma mwaka 1963, karibu wanafunzi 800 walikuwa wamesafirishwa. Miongoni mwa waliofaidika alikuwamo mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai, aliyesoma biolojia katika Mount St. Scholastica College mjini Atchison, Kansas, na kuhitimu mwaka 1964.

Nauli na ada zilikuwa na wafadhili, lakini matumizi ya kila siku mara nyingi hayakuwa na mwenyewe. Ndugu na majirani waliochangishana shilingi nyumbani hawangeweza kutuma dola kila mwezi, na kwa hiyo suala la kazi liliwagusa wanafunzi hao kuliko wengi wa wenzao kutoka Ulaya. Kazi ndani ya chuo, kama vile kupanga vitabu maktabani au kusafisha vyombo vya maabara, ilikubalika kwa urahisi. Kazi nje ya chuo ilihitaji kibali, na fomu ya kukiombea, I-538, ilimtaka mwanafunzi aeleze shida iliyomfanya aombe. Hapa sharti la mwaka 1900 lilijitokeza tena kwa sura mpya: kwa kuwa mwanafunzi alipata viza kwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kutosha, akisema kuwa hana alikuwa anayakana maneno yake mwenyewe, hivyo njia pekee iliyobaki wazi ilikuwa kuonyesha kwamba shida ilizuka baada ya kuwasili na kwamba hakuna ambaye angeweza kuitabiri. Kifo cha mzazi au kuondoka kwa mfadhili vilikuwa sababu zinazokubalika, wakati umaskini wa kawaida, ambao wengi waliujua tangu walipopanda ndege, haukuwa sababu.

Pamoja na ugumu huo wa maandishi, miaka ya 1960 ilikuwa ya ulegevu katika utekelezaji. Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zikishindania vijana wa nchi zilizokuwa zikipata uhuru, na kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la kufanya kazi ya hoteli wakati wa kiangazi kungekuwa hasara ya kidiplomasia. Vyuo vyenyewe vilipewa mamlaka ya kuidhinisha kazi za likizo. Sheria ya mabadilishano ya elimu na utamaduni ya mwaka 1961 iliwaondoa wanafunzi wa kigeni wa muda katika wajibu wa kulipa kodi ya hifadhi ya jamii, kwa hoja kwamba hawatazeekea Marekani na hivyo hawatapokea pensheni yake. Msamaha huo, uliotolewa kwa nia ya ukarimu, ulikuja kugeuka hoja ya wapinzani miongo kadhaa baadaye, kwa kuwa mwajiri naye hasamehewi kidogo: sehemu yake ya kodi hiyo pamoja na ya bima ya afya ya wazee imefikia asilimia 7.65 ya mshahara, na hailipi kwa mwanafunzi wa kigeni.

Ulegevu haukuwa haki. Kibali cha kukaa kilitakiwa kuongezwa mara kwa mara, na idara ingeweza kukataa. Barack Obama Mzee, Mkenya ambaye mwanawe alikuja kuwa rais wa Marekani, aliyefika University of Hawaii mwaka 1959 na baadaye kuingia Harvard, alinyimwa nyongeza ya muda mwaka 1964 na akarudi Kenya kabla ya kuandika tasnifu yake ya uzamivu.

Kufungwa kwa milango na kuwajibishwa kwa mwajiri

Mambo yalibadilika ajira ilipopungua. Mwaka 1974, katika mdororo uliofuata kupanda kwa bei ya mafuta, Idara ya Uhamiaji iliviondolea vyuo mamlaka ya kuidhinisha kazi za kiangazi na kuyarudisha mikononi mwake, kwa maelezo kwamba vijana wa Kimarekani nao walikuwa wakitafuta kazi hizo. Miaka mitano baadaye, baada ya wanadiplomasia wa Marekani kutekwa mjini Tehran Novemba 1979, serikali iliwaamuru wanafunzi wa Iran, ambao wakati huo walikuwa wengi kuliko wa taifa jingine lolote, wajiandikishe upya, na ikabainika kwamba idara haikuwa na orodha ya kuaminika ya wanafunzi hao wala ya mahali walipo.

Mabadiliko ya miaka ya 1980 yalijibu upungufu huo. Wanafunzi wa shule za ufundi walitengwa na kupewa viza ya M-1, yenye nafasi finyu zaidi za kazi, na kanuni za mwaka 1983 zilikitaka kila chuo kuwa na ofisa aliyeteuliwa kushughulikia hati za wanafunzi wa kigeni na kuwajibika mbele ya serikali. Mwanafunzi wa F-1 aliruhusiwa kukaa kwa muda wote wa masomo bila kuomba nyongeza kila mwaka, na kwenye karatasi yake ya kuingilia nchini, mahali ambapo mgeni mwingine aliandikiwa tarehe ya kuondoka, yeye aliandikiwa herufi mbili tu, D/S, kumaanisha kwamba muda wake utadumu kadiri anavyobaki mwanafunzi. Herufi hizo ziliufanya uaminifu kwa masharti ya kazi kuwa jambo zito zaidi, kwani aliyefanya kazi bila kibali alikoma kuwa mwanafunzi machoni pa idara, na alipokoma kuwa mwanafunzi muda wake wa kukaa nao uliisha.

Hadi mwaka 1986 adhabu ilimwangukia mfanyakazi peke yake, kwa kuwa sheria ya 1952 ilimlinda waziwazi mwajiri aliyewapa kazi watu wasio na kibali. Sheria ya marekebisho ya uhamiaji ya mwaka 1986 ilimwekea mwajiri faini na kumlazimisha kukagua hati za kila anayemwajiri, raia na mgeni, na kujaza fomu I-9 kama uthibitisho. Tangu hapo mwanafunzi asiye na karatasi hakuhitaji kukamatwa na ofisa ili akose kazi, kwa sababu alikataliwa mlangoni na karani wa ajira.

Kongresi yenyewe iliwahi kuingia katika suala la kazi za kawaida nje ya chuo mara moja, na kwa woga. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990 iliweka mpango wa majaribio wa miaka mitatu, ulioongezwa muda baadaye, uliomruhusu mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza kufanya kazi yoyote nje ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula na kwa muda wote wakati wa likizo, mradi mwajiri athibitishe kwamba alikuwa amewatafuta wafanyakazi wa ndani kwa siku 60 bila kuwapata wa kutosha, na kwamba angelipa mshahara wa kawaida wa eneo hilo. Waajiri wachache waliona faida ya kujisumbua hivyo kwa ajili ya mhudumu wa mgahawa, na mpango ulipokwisha haukugeuzwa kuwa wa kudumu. Hali ilirudi katika utaratibu wa shida isiyotabirika, ambao serikali huulegeza kunapotokea maafa: mwaka 1998, baada ya sarafu za Asia kuporomoka, wanafunzi kutoka Indonesia, Korea Kusini, Malaysia, Thailand na Ufilipino waliruhusiwa kufanya kazi zaidi ya saa 20, na nafuu kama hiyo ilitolewa baadaye kwa Wahaiti baada ya tetemeko la mwaka 2010, kwa Wasyria mwaka 2012 na kwa Wanepali mwaka 2015.

Miezi 12, kisha 29, kisha 36

Wakati njia ya kazi za kawaida ilipokuwa ikifinyika, ile ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa ikipanuliwa. Kanuni ya mwaka 1992 iliipanga upya dhana ya 1947 katika sura mbili zinazotumika hadi sasa. Ya kwanza, inayojulikana kwa ufupisho wa CPT, ni mafunzo yaliyo sehemu ya mtaala, ambayo chuo chenyewe huyaidhinisha kabla mwanafunzi hajahitimu, na ambayo yakifanywa kwa muda wote kwa miezi 12 humnyima mhusika sura ya pili. Hiyo ya pili, OPT, ni mafunzo ya hiari ya miezi 12 yanayoweza kufanywa kabla ya kuhitimu lakini mara nyingi hufanywa baada yake, kwa kadi ya kibali cha kazi inayotolewa na serikali.

Masuala ya usalama yaliibadilisha namna ya kusimamia ruhusa hizo. Baada ya shambulio la bomu la mwaka 1993 katika World Trade Center, ambalo mmoja wa washiriki wake alikuwa ameingia kwa viza ya mwanafunzi, Kongresi iliagiza mwaka 1996 utengenezwe mfumo wa kompyuta wa kuwafuatilia wanafunzi wote, agizo lililotekelezwa kwa mwendo wa polepole hadi Septemba 2001. Machi 2002, miezi sita kamili baada ya mashambulio ya Septemba 11, shule ya urubani ya Venice, Florida, ilipokea kwa posta barua za kuthibitisha kwamba Mohamed Atta na Marwan al-Shehhi, marubani wawili wa mashambulio hayo, wamekubaliwa kuwa wanafunzi. Fedheha hiyo ilimaliza subira ya wanasiasa. Mfumo wa SEVIS ulianza kutumika mwaka 2003 chini ya Wizara mpya ya Usalama wa Ndani, na ahadi ya mwaka 1924 ya shule kumwarifu waziri ikawa taarifa ya kielektroniki inayohusu anwani, masomo na mwajiri wa kila mwanafunzi.

Shinikizo jingine lilitoka kwa viwanda vya kompyuta. Mhitimu aliyetaka kubaki kazini baada ya OPT alihitaji viza ya wafanyakazi wenye utaalamu, H-1B, ambayo Kongresi iliiwekea kikomo cha nafasi 65,000 kwa mwaka, na baadaye ikaongeza 20,000 kwa wenye shahada za uzamili na uzamivu kutoka vyuo vya Marekani. Aprili 2007 maombi yalizizidi nafasi 65,000 siku ya kwanza tu ya kupokelewa. Kongresi iliposhindwa kuongeza nafasi, Wizara ya Usalama wa Ndani ilichukua njia ya kanuni: Aprili 2008 ilitangaza kwamba wahitimu wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wataongezewa miezi 17 ya OPT, na hivyo kufikia miezi 29, ili wapate misimu zaidi ya kujaribu bahati ya H-1B. Kanuni hiyo iliweka pia kikomo cha siku 90 za kukaa bila kazi katika OPT ya kawaida, na siku za ziada kwa waliopata nyongeza, jambo lililofanya mafunzo ya hiari yafanane zaidi na ajira ya lazima.

Chama cha wafanyakazi wa teknolojia cha jimbo la Washington kilifungua kesi kikidai kwamba mtu aliyekwisha kuhitimu si mwanafunzi tena kwa maana ya sheria, na kwamba wizara ilikuwa imejitungia viza ya wafanyakazi bila idhini ya Kongresi. Agosti 2015 jaji wa mji mkuu, Washington, D.C., alitengua kanuni ya 2008 kwa kosa la utaratibu, yaani kwamba ilitangazwa bila umma kupewa nafasi ya kutoa maoni, lakini alisitisha utekelezaji wa hukumu yake ili wahitimu wasijikute mitaani. Wizara ilitangaza pendekezo jipya, ikapokea maelfu ya maoni, na kuanzia Mei 2016 ikaweka nyongeza ya miezi 24 inayofanya jumla kuwa miezi 36, ikiambatana na fomu I-983, ambayo mwajiri na mhitimu hueleza ndani yake malengo ya mafunzo, namna ya usimamizi na kiasi cha ujira.

Kesi ya pili ya chama hicho iligusa kiini. Oktoba 2022 Mahakama ya Rufaa ya Washington, D.C., iliamua, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, kwamba maelezo ya mwanafunzi katika sheria ya 1952 yanahusu sifa za kuingia nchini, na kwamba muda wa kukaa na masharti yake, yakiwemo mafunzo baada ya kuhitimu, vimeachiwa serikali kuvipanga ilimradi viendane kwa mantiki na lengo la viza. Majaji walizingatia pia kwamba Kongresi ilijua kuwepo kwa mafunzo kwa vitendo tangu mwaka 1947, ikaipitia sheria ya uhamiaji mara nyingi, na haikuyafuta. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa iliyofuata.

Ruhusa na mwenye kuitoa

Mtindo huu haukuishia Marekani. Uingereza, ambayo kanuni zake za uhamiaji hutolewa na Waziri wa Mambo ya Ndani na kuwasilishwa bungeni, iliwapa wahitimu wa kigeni miaka miwili ya kazi mwaka 2008, ikaifuta njia hiyo Aprili 2012, kisha ikaifungua nyingine ya namna hiyo Julai 2021. Kanada iliondoa kikomo cha saa 20 kwa wiki kwa muda mwishoni mwa mwaka 2022, ikakirudisha mwaka 2024 na kukiweka saa 24. Australia imeweka tangu Julai 2023 kikomo cha saa 48 kwa kila majuma mawili. Katika kila nchi tarakimu hupanda upungufu wa wafanyakazi unapokuwa mkubwa na hushuka siasa ya uhamiaji inapokuwa kali, wakati mwanafunzi anayezitegemea tarakimu hizo huchagua chuo, hulipa ada na kukopa kwa kipindi kirefu kuliko maisha ya kanuni nyingi.

Kwa Marekani, historia inaonyesha kwamba ruhusa imekua kwa kiasi kikubwa, kutoka miezi 18 isiyo na uhakika ya mwaka 1947 hadi miezi 36 ya 2016, lakini haikuota mizizi katika sheria. Mwezi Agosti 2025 serikali ilipendekeza kuzifuta herufi za D/S na kumwekea kila mwanafunzi tarehe ya mwisho isiyozidi miaka minne, na Septemba mwaka huohuo tangazo la rais liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B, mlango ambao OPT ilikusudiwa kuwa ukumbi wake. Hatua zote mbili zilianzia serikalini, bila sheria mpya ya Kongresi. Wanaoisoma hukumu ya mwaka 2022 kama ushindi wa wanafunzi wana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa iliwalinda mamia ya maelfu ya wahitimu wasipoteze kazi. Ila hoja iliyowalinda, kwamba serikali ndiyo yenye mamlaka ya kupanga masharti, inamhusu pia waziri atakayependa kuyapunguza masharti hayo au kuyaondoa kabisa.